Mwezi mzima wa kitenzi "run": tathmini ya darasa la jioni la Kiingereza, Mwanjelwa

Katika Jiji la Mbeya hakuna uhaba wa mahali pa kujifunzia Kiingereza. Kuanzia Kabwe hadi Uyole utakuta matangazo yamebandikwa kwenye nguzo za umeme, yakiahidi kwamba mtu ataongea lugha hiyo kwa ufasaha baada ya miezi michache, na wengi wanaolipa ada kwa ahadi ya namna hiyo huishia kukariri salamu, siku za juma na nyakati za vitenzi ambazo walikwisha kuzisoma kidato cha kwanza. Darasa ninalotaka kulieleza hapa ni la aina nyingine. Halina bango wala tangazo. Linaendeshwa na mwalimu mstaafu wa sekondari katika chumba cha kupanga nyuma ya maduka ya Mwanjelwa, jioni za siku za kazi, na wanaolifahamu hulitaja kwa maneno mepesi tu: "pale kwa Mwalimu." Kinachoonekana cha ajabu kwa mgeni ni kwamba katika kila muhula Mwalimu hutenga mwezi mzima kwa ajili ya kitenzi kimoja, "run", ambacho kila anayeingia mlangoni anaamini kwamba alikimaliza tangu shule ya msingi.

Nimehudhuria mwezi huo tangu mwanzo hadi mwisho, na maoni yangu ni kwamba kwa mtu mzima aliyemaliza kidato cha nne, anayesoma Kiingereza cha kwenye karatasi bila taabu kubwa lakini anakwama mara tu anapokutana na Kiingereza cha watu wanaoongea, ni vigumu kupata mahali ambapo fedha yake itamfaa zaidi. Darasa lina upungufu pia, tena mmoja ni mkubwa, na nitaueleza.

Kitenzi hicho hakikuchaguliwa kwa kubahatisha. Kamusi kubwa ya Oxford, ile inayofuatilia historia ya maneno ya Kiingereza tangu yalipoanza kuandikwa, ilipotoka katika toleo lake la pili mwaka 1989, kitenzi kilichoongoza kwa wingi wa maana kilikuwa "set", ambacho kilikuwa na maana takriban 430. Wahariri walipoliandika upya neno "run" kwa ajili ya toleo la tatu, kitenzi hicho kiliipita "set" kwa mbali, kikafikisha maana 645, na mhariri aliyepewa kazi hiyo, Peter Gilliver, alitumia miezi tisa kuikamilisha. Mashine zimechangia sana katika ongezeko hilo, kwa kuwa kila chombo kipya kilichobuniwa, kuanzia injini ya mvuke hadi programu ya kompyuta, Waingereza walikiombea kitenzi hicho hicho kiseme kwamba kinafanya kazi. Mwalimu alitueleza hayo siku ya kwanza, kisha akatutoa hofu kwa kusema kwamba hakusudii kutufundisha maana 645 wala hata mia moja, kwa sababu hakuna Mwingereza anayetembea nazo kichwani kama orodha. Alichokusudia ni kutuonyesha jinsi maana hizo zinavyozaana, ili tukikutana na moja tusiyoijua tuweze kumtambua mama yake.

Hakuanza na miguu, kama vitabu vingi vya shule vinavyoanza. Alianza na maji. Kitenzi hiki kina undugu na kitenzi cha Kijerumani "rinnen", ambacho maana yake ni kutiririka, na tangu Kiingereza cha kale wasemaji wake walikitumia kwa maji kama walivyokitumia kwa mtu. Kwa hiyo Mto Kiwira unaoshuka kutoka milima ya Rungwe hadi Ziwa Nyasa "runs", bomba ambalo mtu amesahau kulifunga "is running", na pua yenye mafua nayo "is running", mfano ambao mwezi wa Julai Mbeya hauhitaji maelezo marefu. Mwanafunzi akishaipokea maana ya kutiririka, akaacha kuilazimisha miguu ndani ya kila sentensi, mambo mengi yanajifungua yenyewe.

Nilishuhudia hilo kwa mama mmoja anayeuza vitenge sokoni. Mwalimu alimuuliza humwambia nini mteja anayenunua kitenge kipya cha rangi kali. Akajibu, "Namwambia asikiloweke na nguo nyeupe, kitachuja." Mwalimu akaandika ubaoni: "The colour runs." Yule mama akashangaa, "Kumbe rangi nayo hukimbia, Mwalimu?" Akajibiwa, "Hapana, Mama. Inafuata maji. Umeiona mwenyewe kwenye beseni." Darasa zima lilielewa hapo hapo, na siku zilizofuata yule mama ndiye aliyekuwa wa kwanza kuitambua maana ya kutiririka kila ilipojitokeza, hata katika sentensi ambazo hazikuwa na tone la maji ndani yake, kama vile msemo wa Kiingereza kwamba hofu ilimpitia mtu mwilini.

Kutoka kwenye maji alihamia kwenye vitu vilivyolala bila kusogea. Barabara haitembei, lakini kwa Kiingereza "runs", yaani imenyooka kutoka hapa hadi pale, inapita mahali fulani, inakomea mahali fulani. Kwa somo hili alitumia reli ya TAZARA, ambayo kila mtu wa Mbeya anaifahamu kwa sababu ya stesheni yake, na kwa maoni yangu hilo ndilo zoezi lililopangwa vizuri kuliko yote. Reli hiyo, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa msaada wa China, ina urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia. Tulitakiwa kuandika sentensi tatu zenye kitenzi kimoja. Ya kwanza iseme njia yenyewe imepita wapi, ya pili iseme treni hufanya safari siku zipi, na ya tatu iseme ni nani mwenye mamlaka ya kuiendesha. Kiingereza kinatumia "run" katika zote tatu. Kiswahili kinahitaji vitenzi vitatu tofauti, yaani kupita, kufanya safari na kuendesha, na mtu aliyezoea kutafuta kisawe kimoja kwa kila neno hugundua hapo kwamba tabia yake hiyo haiwezi kumfikisha mbali.

Kiini cha darasa zima, na sababu ya mimi kulipendekeza, kilikuja katika juma la pili. Mwalimu aliandika maneno matatu ya Kiswahili: walimkimbia, walimkimbilia, walimkimbiza. Hakuna Mswahili anayeyachanganya. La kwanza lina maana kwamba walijitenga naye kwa kumwogopa au kumchoka. La pili lina maana kwamba walimwendea kwa haraka, pengine kuomba hifadhi yake. La tatu lina maana kwamba yeye ndiye aliyekuwa mbele, wao wakiwa nyuma yake, isipokuwa likifuatwa na neno "hospitali", kwa kuwa hapo waliomkimbiza ni watu wema. Kiswahili huzibeba tofauti hizo ndani ya kitenzi chenyewe, kwa silabi moja au mbili, nasi tumezoea kutega sikio hapo hapo bila kujua kwamba tunatega. Kiingereza hakina vinyambulishi vya namna hiyo. Neno "ran" hubaki lile lile, na tofauti yote huhamia kwenye maneno yanayofuata: "ran away from him", "ran to him", "ran after him". Kwa yule wa hospitali kitenzi chenyewe hubadilika kikawa "rushed", na Mwalimu alisisitiza tusiseme "ran" mahali hapo. Alitaka tuondoke na zoea moja tu, nalo ni kwamba tukisikia "run" tusiharakishe kuelewa. Tusubiri neno linalofuata, na wakati mwingine neno la mwisho kabisa la sentensi, ndipo tuamue.

Kwa mantiki hiyo alitukumbusha kitenzi chetu cha kwenda na kauli yake ya kutendesha. Duka huendeshwa, mashine ya kusaga huendeshwa, kikao huendeshwa, na katika hayo yote Kiingereza hutumia "run" bila kubadilisha umbo lake. Tahadhari ni kwenye gari. Kuendesha gari ni "drive". Mtu akisema kwamba "runs a car", Mwingereza ataelewa kwamba analo gari na anamudu gharama zake za mafuta, bima na matengenezo, na huenda hajakaa kwenye usukani mwaka mzima. Jambo hili dogo liliwagusa sana madereva wawili waliokuwamo darasani, ambao wamekuwa wakijaza fomu za kuomba kazi kwa Kiingereza.

Somo la "run out of" lilichukua jioni kadhaa, na lilistahili. Mwalimu aliandika sentensi mbili, moja chini ya nyingine: "He ran out of the shop" na "He ran out of sugar." Kisha akafunika neno la mwisho katika kila moja kwa kiganja chake, akatuuliza ni yupi aliyetoka mbio na ni yupi aliyeishiwa. Sentensi zilizobaki zilikaribia kufanana kabisa, na hakuna aliyeweza kujibu kwa hakika. Alipoondoa mkono jibu likawa wazi: duka ni mahali, na mtu hutoka mahali, sukari ni kitu kinachotumika kikaisha. Akaongeza sentensi nyingine, za benki na fedha, za shamba na mbegu, za hospitali na dawa, hadi kila mmoja wetu akawa anaamua bila kusita.

Hapo ndipo Kiswahili kilipotusaidia kuliko nilivyotarajia. Sisi tunasema "sukari imeisha", na tunasema pia "nimeishiwa sukari", ambapo kauli ya kutendewa inampa mtu nafasi ya kiima ingawa yeye hakutenda lolote. Kiingereza kinafanya vivyo hivyo: "The sugar has run out" ni ya sukari, na "I have run out of sugar" ni ya mtu. Kwa hiyo mwanafunzi hana haja ya kujifunza wazo jipya, bali avae wazo lake la zamani nguo nyingine. Hata hivyo wengi wetu huku Afrika Mashariki husema "The sugar is finished", kwa kuifuata sentensi ya Kiswahili neno kwa neno. Mwalimu hakulikemea hilo. Alisema kwamba mfanyabiashara wa Nakonde au wa Karonga ataelewa bila shida, na kwamba mtu anayepunguza bei sokoni hana muda wa kupamba lugha, lakini katika barua kwa mteja wa nje au katika ujumbe wa hoteli kwa mgeni, ile yenye "run out of" ndiyo inayosomeka kama ya mtu anayejua kazi yake. Nilipenda sana namna hiyo ya kusahihisha, isiyomfanya mtu aone aibu kwa Kiingereza alichokuja nacho.

Aliendelea kutufundisha ngazi za kupungua, ambazo sijawahi kuziona zimepangwa vizuri hivyo mahali pengine. Mafuta ya jenereta yakiwa chini lakini bado yapo, yako "running low". Yakiwa hayatoshi kazi iliyopo mbele, mtu "is running short", na hapa Kiswahili kina neno lake zuri, kupungukiwa. Yakiisha kabisa, ndipo "run out" inapoingia. Kisima hakiishiwi, "runs dry", kwa sababu tumerudi kwenye maji. Kibali cha kuvuka mpaka Tunduma nacho "runs out" muda wake ukifika, ingawa karatasi yenyewe bado iko mfukoni ikiwa nzima, na dada mmoja anayefanya kazi ya mapokezi katika nyumba ya wageni alisema kwamba maana hiyo peke yake imemwondolea mabishano na wageni ambao nyaraka zao zinakaribia kwisha muda.

Kisha zikaja ajali. Anayesema "I ran into your brother in Tunduma" amekutana na ndugu yako kwa bahati, hakumgonga, lakini anayesema "I ran into a lorry" amegonga lori. Dereva mmoja wa masafa aliinua mkono. "Sasa Mwalimu, nikimgonga mtu kweli, Mungu aepushe, nitasemaje?" Akaambiwa kwamba atumie "hit", au "ran over" ikiwa gurudumu limempita juu, na kwamba katika maelezo ya polisi au ya bima aiepuke kabisa "ran into" inapohusu mtu, kwa kuwa msomaji anaweza kudhani walisalimiana. Halafu likaja suala la mahali pa kuweka kiwakilishi. Unaweza kusema kwamba gari "ran over the goat" au "ran the goat over", na zote ni sawa, lakini mbuzi akishageuka kuwa kiwakilishi hukaa katikati: "ran it over". Tulilifanyia kazi hilo kwa mdomo, mmoja baada ya mwingine, hadi likawa halihitaji kufikiriwa. Maana nyingine za "run over", yaani kupitia maandishi kwa haraka kabla ya mkutano, na kikao kupitiliza muda wake, zilitajwa tu, na sidhani kama zilihitaji zaidi ya hapo.

Mengine yalipita upesi. Muuguzi aliyekuwa nasi alijifunza kwamba mgonjwa mwenye homa "is running a temperature", na kwamba ugonjwa wa ukoo "runs in the family". Mwenye duka la vifaa vya kuandikia alifurahi kujua kwamba kutoa nakala ni "to run off copies". Anayelimbikiza deni "runs up" deni hilo, na anayechelewa "is running late" hata kama amekaa kwenye kiti cha daladala bila kusogea. Kuhusu uchaguzi, tuliambiwa kwamba mgombea wa Marekani "runs" na wa Uingereza "stands", na kwamba Kiswahili kina neno kali kuliko yote mawili, kugombea. Kuhusu "run down" nilitamani muda uongezwe, kwa sababu betri iliyokwisha nguvu, jengo lililochakaa, mtu aliyedhoofika kwa kazi na mtu anayesemwa vibaya nyuma yake vyote vinaingia hapo, na jioni moja haikutosha.

Wapo watakaouliza kwa nini mtu alipe ada ilhali kamusi zipo madukani na simu ina programu ya kutafsiri. Swali hilo ni la haki. Kamusi ndogo za Kiingereza na Kiswahili ambazo wanafunzi wengi wanazimiliki hupanga visawe vya "run" kwa mfululizo, kukimbia, kutiririka, kuendesha, kugombea, bila kumweleza msomaji ni maneno gani yanayoambatana na kila kimoja, na kwa hiyo humpa mali nyingi bila ufunguo wa kuitumia. Programu za simu zimeboreka, na mara nyingi hutafsiri sentensi nzima kwa usahihi, lakini hazimwambii mtu kwa nini zimechagua hivyo, wala hazikai pamoja naye anapojibu simu ya mteja aliyeko Lusaka. Anayehitaji kuelewa barua moja tu, simu inamtosha. Anayehitaji kuongea atafute watu wa kuongea nao, na darasa hili linawapa wanafunzi wake muda mwingi wa kuongea kuliko wa kuandika.

Sasa niutaje upungufu mkubwa, ambao ni matamshi. Kiswahili kina irabu tano, na sauti yetu moja ya "a" hubeba kazi ya sauti mbili tofauti za Kiingereza, ile ya "run" na ile ya "ran". Katika "ran" mdomo hufunguka zaidi na ulimi husogea mbele, kana kwamba unataka kutamka "e". Katika "run" mdomo hufunguka kidogo na ulimi hutulia katikati. Wengi wetu huyatamka maneno hayo mawili sawasawa, na darasani hayakuwahi kutenganishwa hata mara moja. Hili si jambo la mapambo. Dereva akiripoti kwa mwajiri wake wa nje kwamba waliishiwa dizeli jana, na sauti yake ikasikika kama "we run out", mwajiri anaweza kuelewa kwamba kuishiwa dizeli ni kawaida ya gari hilo. Wakati uliopita wa kitenzi hiki unategemea irabu hiyo moja tu, kwa sababu hakina ile "-ed" ya mwishoni inayotusaidia kwingine. Jambo linaongezeka ugumu kwa kuwa umbo la tatu hurudi kuwa "run", na kwa hiyo husemwa "has run out", wakati wanafunzi wengi, hata baada ya mwezi ule, waliendelea kuandika "has ran out". Mwezi wote kwa kitenzi kimoja, na hakuna jioni hata moja iliyotengwa kwa sauti zake: hilo ninaliona ni kosa la mpango wa masomo, tena la kurekebishika kwa urahisi, kwa simu yenye spika na nusu saa ya kusikiliza na kurudia.

Upungufu mwingine ni mdogo. Karatasi za mazoezi zinazogawiwa mwishoni mwa juma zimepangwa kwa alfabeti, "run away" kwanza, "run up" mwisho, na mpangilio huo unavunja kazi nzuri iliyofanywa ubaoni, ambapo maana za maji zilikaa na ndugu zake na maana za mashine zikakaa na ndugu zake. Anayekosa kipindi akategemea karatasi peke yake atapata orodha ile ile ambayo Mwalimu alituonya dhidi yake. Vilevile matumizi ya "run" kama nomino hayakufundishwa, ingawa "in the long run" hutokea mara kwa mara katika taarifa za biashara, kwa maana ya hatimaye au baada ya muda mrefu, na "three days running", yaani siku tatu mfululizo, humchanganya kila anayeikuta kwa mara ya kwanza.

Kuhusu mahali penyewe, chumba ni safi lakini ni kidogo, na wanaochelewa hukaa kwenye benchi karibu na mlango, ambapo upepo wa jioni wa Juni na Julai haumwachi mtu bila koti. Umeme ukikatika taa ya kuchaji huwashwa na kipindi huendelea, jambo ambalo nimeliheshimu. Vipindi huanza baada ya saa za kazi na kumalizika kabla giza halijakolea sana, kwa hiyo wanaoishi Iyunga au Uyole huwahi daladala bila shida. Ada hulipwa kwa mwezi, nayo ni ya chini kuliko ya vituo vyenye mabango, na asiyeweza kuilipa yote kwa mara moja huruhusiwa kuilipa kidogo kidogo bila kuaibishwa mbele ya wenzake. Kuhusu adabu ya darasa sina la kulaumu: wazee huitwa Mama na Baba, vijana huitwa dada na kaka, na hakuna anayechekwa.

Darasa hili halimfai mtu anayeanza Kiingereza kabisa, kwa sababu maelezo hutolewa kwa Kiswahili lakini mifano humiminwa kwa kasi, na asiyejua nyakati za vitenzi ataachwa nyuma. Halimfai pia mwanafunzi anayetafuta alama za mtihani wa taifa. Linawafaa sana madereva wa masafa, wafanyabiashara wa nafaka na vitenge wanaovuka Tunduma na Kasumulu, wahudumu wa hoteli, wauguzi, na waongoza watalii wanaopeleka wageni Kitulo na Ziwa Ngozi. Anayekusudia kujiunga aende juma la kwanza la mwezi wa "run", kwa kuwa lile somo la walimkimbia, walimkimbilia na walimkimbiza halirudiwi, na kila kinachofundishwa baada yake kimejengwa juu yake. Aende na daftari lenye nafasi ya kutosha, asitegemee karatasi za kugawiwa, na amwombe Mwalimu tangu siku ya kwanza atenge jioni moja kwa ajili ya matamshi. Tukiomba wengi, naamini atakubali.